Vikorokoro vya Ulaya: jinsi ya kununua zawadi ndogo zenye maana, hatua kwa hatua

Toka kwenye kituo chochote cha treni kilicho karibu na jengo maarufu la Ulaya, na duka la kwanza utakaloliona litakuwa linauza sumaku za friji, minara midogo ya Eiffel, fulana zenye moyo mwekundu na vijiko vyenye bendera. Chukua sumaku moja uigeuze. Mara nyingi imetengenezwa China, sawa na ile utakayoikuta Kariakoo au Kamukunji, ila hapa inauzwa kwa euro. Si kosa kuinunua, na wapo watoto watakaoifurahia. Lakini kama una mchana mmoja wa manunuzi na orodha ya majina isiyokwisha, pesa hiyo hiyo inaweza kukupatia vitu vidogo, vyenye asili, visivyovunjika ovyo, na ambavyo wenyeji wenyewe wanavitumia nyumbani kwao. Basi nenda anakonunua mwenyeji: sokoni kwake, kwenye supamaketi yake, na kwenye meza ya mzee anayeuza vitu vya kabatini kwake.

Hatua ya 1: Andika orodha mbili

Orodha ya kwanza ni ya watu. Wazazi, wakwe, mashangazi, wenzako kazini, na wale watoto wa jirani ambao hukuwaahidi kitu lakini watakuja tu kukusalimia. Hapa unataka vitu vingi vinavyogawika na vyenye bei inayolingana. Ukiwaletea mawifi wawili zawadi zisizolingana, kesi hiyo utaisikiliza mpaka Idi ijayo. Wazee nao wapewe kitu kinachoonekana na kushikika. Chokoleti mbili kwa mama mkwe ni kama hukuleta kitu.

Orodha ya pili ni yako mwenyewe: kitu kimoja au viwili utakavyokaa navyo miaka. Hapa ushauri wangu ni kuchagua aina moja ya kitu kabla hujapanda ndege. Kadi za posta za zamani, sarafu, shanga, vifungo vya nguo, vijiko vya chai, vigae, chochote kile, ilimradi kiwe kidogo. Anayeingia soko la vitu vya zamani bila kujua anatafuta nini huzungushwa na macho yake, na jioni anajikuta amebeba taa ya shaba isiyowaka yenye uzito wa kilo nne.

Hatua ya 2: Panga ratiba kwa siku za soko

Masoko ya vitu vya zamani mengi hayafunguliwi kila siku, na mengi hufungwa mapema mchana. Ukifika mjini Jumatatu na soko ni la Jumapili, umelikosa. Kwa hiyo angalia siku kwanza, ndipo uweke tiketi ya makumbusho.

Paris lipo Saint-Ouen, kubwa na maarufu, Jumamosi hadi Jumatatu, unakwenda kwa metro namba 4. Ni pazuri kutembea, lakini bei zake ni za wafanyabiashara wa vitu vya kale wanaojua hasa wanachouza. Mwenye euro za kuhesabu aende Vanves, Jumamosi na Jumapili asubuhi, metro namba 13. Brussels kuna Place du Jeu de Balle katika mtaa wa Marolles, kila siku asubuhi. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana vitu humwagwa chini kwenye mawe ya uwanja moja kwa moja kutoka nyumba zilizohamwa: albamu za picha, masanduku ya vifungo, glasi, vitabu vya watu wasiojulikana. Lisbon, Feira da Ladra ni Jumanne na Jumamosi. Madrid, El Rastro ni Jumapili na sikukuu. Roma, Porta Portese ni Jumapili asubuhi. Vienna ni Jumamosi, mwishoni mwa Naschmarkt, unashuka kituo cha Kettenbrückengasse. London, Portobello Road huchangamka Jumamosi.

Berlin, Jumapili ndiyo siku yenyewe, kwa sababu maduka karibu yote ya Ujerumani hufungwa siku hiyo na watu hawana pengine pa kwenda. Mauerpark ni la vijana, muziki na nguo. Lile la Straße des 17. Juni, Jumamosi na Jumapili, ndilo lenye sarafu, kadi na vyombo.

Amsterdam soko la Waterlooplein lipo kila siku isipokuwa Jumapili, na mara moja kwa mwezi kuna IJ-Hallen, soko kubwa mno ng'ambo ya maji. Kivuko cha kwenda huko ni cha bure, kinaondokea nyuma ya kituo kikuu cha treni. Ukibahatika kuwa Uholanzi tarehe 27 Aprili, Siku ya Mfalme, usiende dukani kabisa. Siku hiyo nchi nzima hutandika mablanketi barabarani na kuuza vitu vyao vya nyumbani, na wauzaji wengi ni watoto.

Katika miji midogo, tafuta kwenye ramani ya simu maneno ya wenyewe: brocante au vide-grenier kwa Ufaransa, Flohmarkt kwa Ujerumani na Austria, kringloop kwa Uholanzi. Kringloop ni duka la kudumu la vitu vilivyotumika, lina bei zilizoandikwa, na hakuna wa kukusumbua.

Hatua ya 3: Sokoni

Aliyezoea kuchambua mitumba Gikomba au Karume tayari anajua nusu ya kazi. Jicho lake limezoea rundo. Nusu iliyobaki ni adabu ya huko.

Ufaransa na Ubelgiji, salamu kwanza. Ukiinua kitu kabla ya kusema "bonjour", umeshaharibu bei. Ujerumani, usimuulize mtu bei ya mwisho kabla hata hujakishika kitu mkononi. Swali hilo wamelichoka na wanalifanyia mzaha. Bei hupatanwa, ndiyo, lakini si kwa mtindo wetu wa kuanza na nusu au robo. Ukitajiwa euro 12, kutaja 9 ni heshima na kutaja 3 ni tusi. Njia inayofanya kazi vizuri zaidi ni kukusanya: weka vitu vitatu pamoja, nyamaza kidogo, kisha uliza vyote ni kiasi gani. Muuzaji hupunguza mwenyewe.

Beba pesa taslimu, noti za 5 na 10 na sarafu. Muuzaji anayepanga meza saa moja asubuhi hana chenji ya noti ya 50, na wengine hawana mashine ya kadi. Mkoba ukae mbele ya kifua. Masoko haya yana wezi wa mifukoni kama soko lolote duniani.

Kufika mapema kunakupa vitu vizuri. Kufika nusu saa kabla ya kufunga kunakupa bei nzuri, kwa sababu hakuna anayetaka kurudisha sanduku la sahani kwenye gari. Chagua kimoja.

Sasa kukagua. Sahani au kikombe, kiweke juu ya ncha za vidole na ukigonge ukingoni kwa ukucha. Kikilia mlio mrefu, ni kizima. Kikitoa sauti fupi iliyokufa, kina ufa hata kama huuoni. Washa tochi ya simu nyuma yake: kaure halisi hupitisha mwanga na utaona kivuli cha vidole vyako, udongo wa kawaida haupitishi. Kijiko kinachoitwa cha fedha, kigeuze usome mgongo wa mpini. Namba 925 au 800 ni fedha ya kweli. Herufi EPNS maana yake kimepakwa tu. Namba 90 au 100 kwenye vijiko vya Kijerumani nayo ni ya kupakwa, na hapo wengi hudhani wameokota dhahabu. Vya kupakwa si vibaya, ila vilipiwe bei yake.

Hatua ya 4: Tafuta vya kwetu vilivyolala huko

Hapa ndipo msafiri wa kutoka Afrika Mashariki ana faida ambayo Mzungu aliye kando yake hana: anazijua sura za sehemu za nyumbani.

Wauzaji wa kadi za posta hupanga kadi zao kwenye masanduku marefu, kila nchi na kikaratasi chake. Ukiuliza Tanzania au Kenya unaweza kuambiwa hakuna, na kweli hakuna, kwa sababu kadi zenyewe ni za kabla ya majina hayo. Ujerumani angalia nyuma ya kikaratasi cha Kolonien (makoloni) au Deutsch-Ostafrika (Afrika Mashariki ya Wajerumani), na utafute majina kwa tahajia yao: Daressalam, Bagamojo, Sansibar, Udjidji. Brussels, angalia Congo Belge na Ruanda-Urundi. Mtu wa Kisangani asome Stanleyville, wa Lubumbashi asome Elisabethville, wa Kalemie asome Albertville, na wa Bujumbura asome Usumbura. London jaribu Zanzibar na British East Africa. Utaona forodha ya zamani, kituo cha reli kikiwa kipya, mtaa unaoujua ukiwa bado hauna lami, mbuyu ambao labda mpaka leo upo.

Geuza kadi. Ikiwa mgongo wote ni wa anwani tu na ujumbe umebanwa upande wa picha, hiyo ni ya mwanzoni mwa karne ya 20 au kabla, maana ruhusa ya kuandika ujumbe upande wa anwani ilikuja Uingereza mwaka 1902 na Ujerumani mwaka 1905. Kadi iliyopita posta, yenye stempu na muhuri wa Tanga au Tabora unaosomeka, huuzwa ghali kuliko iliyo tupu. Kwangu mimi kadi tupu yenye picha safi inatosha.

Neno moja kuhusu picha hizo. Nyingi zilipigwa na watu waliowaona babu zetu kama vielelezo, na zipo za wanawake waliovuliwa nguo ili picha iuzwe. Hizo mimi siziungi mkono kwa pesa yangu. Nanunua majengo, bandari, masoko, na watu waliosimama mbele ya kamera kwa hiari yao, wamevaa wanavyotaka kuonekana.

Sarafu ni hazina nyingine isiyo na uzito. Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilitoa sarafu ya shaba iitwayo pesa kuanzia 1890, upande mmoja tai, upande wa pili maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria 1307. Baadaye, kuanzia 1904, rupia iligawanywa kwa heller 100, na heller 10 za tangu 1908 zina tundu katikati. Chini au pembeni utaona herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Herufi T ni ya Tabora, 1916, wakati wa vita, pale Wajerumani walipofungiwa baharini wakalazimika kugonga sarafu kwenye karakana ya reli. Heller 20 za Tabora bado zinapatikana kwa wauzaji wa sarafu. Ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, ukiiona mezani kwa bei ya chakula cha mchana, ni bandia, endelea na safari yako. Uingereza unaweza kukutana na sarafu ya pice ya Mombasa ya 1888, ile ya kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki.

Beba sumaku ndogo mfukoni. Sarafu ya fedha au ya shaba haishikwi na sumaku, ikishikwa, irudishe. Na ukishainunua usiisafishe kwa ndimu wala kwa dawa ya meno. Kutu ile ya rangi ndiyo inayolindwa na wanaojua, na iliyosuguliwa ikang'aa imeshapoteza bei yake.

Uholanzi, kwenye kringloop, geuza bakuli na sahani utafute jina la Maastricht na Petrus Regout, wakati mwingine na picha ya sphinx, yule simba mwenye kichwa cha mtu. Vyombo vya kiwanda hicho vilisafirishwa hadi Zanzibar katika karne ya 19, na huko kwao leo vinakaa rafuni bila mtu kuvitazama mara mbili. Helmond, nchi hiyo hiyo, ndiko kiwanda cha Vlisco kilikoanza mwaka 1846, kile cha vitenge vya wax. Kipande halisi si bei ya zawadi ndogo, kwa hiyo hilo ni la kufikiria kwa mama mzazi tu, na ulinganishe kwanza na bei ya nyumbani.

Halafu shanga. Shanga ndogo za rangi wanazotumia Wamaasai kwa sehemu kubwa hutoka Jamhuri ya Czech, eneo la Jablonec nad Nisou. Kama una dada anayeshona shanga au anauza mikufu, ukipita Prague mletee pakiti za huko badala ya mwanasesere wa Kirusi. Prague imejaa wanasesere wale wa mbao wanaoingiana, na hawana uhusiano wowote na Prague.

Hatua ya 5: Supamaketi kwa orodha ya watu

Zawadi za watu wengi zinunuliwe supamaketi, siku moja kabla ya kuondoka. Chokoleti ileile ya Ubelgiji unayoiona imefungwa utepe kwenye duka la karibu na Grand-Place, uwanja mkuu wa Brussels, ina ndugu yake rafuni kwa bei ya chini sana. Hata hivyo, fikiria joto. Chokoleti zilizojazwa krimu zikifika Dar es Salaam mwezi wa Februari zitakuwa mchuzi. Beba vipande vigumu, vyeusi, na uviweke katikati ya nguo.

Kwa ndugu Waislamu soma kiambato kabla ya kulipa. Pipi laini nyingi zina jelatini ya nguruwe: Wajerumani huandika Schweinegelatine, Waholanzi varkensgelatine, Wafaransa gélatine de porc. Wakiandika jelatini tu bila kusema ya nini, iache. Baadhi ya chokoleti za kujazwa huwa na pombe. Tafuta maneno Alkohol, alcool, likeur. Bora biskuti, stroopwafel (kaki za Kiholanzi zenye sharubati katikati), au chumvi na viungo.

Ureno nunua sardini za kopo zenye makaratasi ya rangi, na vitu vya gome la mti wa koki: pochi, vikalio vya vikombe, vifuniko vya daftari. Ureno ndiyo inayoongoza duniani kwa koki, na uzito wake ni kama hakuna. Hispania chukua vikopo vya pilipili ya moshi ya La Vera. Mpishi yeyote atakushukuru.

Ufaransa ni sabuni ya Marseille. Ile ya asili ni mche wa mraba, wa kijani ukiwa na mafuta ya zeituni au wa rangi ya maziwa, umegongwa "72%" ubavuni, hauna manukato wala rangi ya waridi. Harufu yake ni ya usafi tu. Kata mche wa gramu 600 kwa waya au kisu cha moto, unapata zawadi nne. Umwambie shangazi ni ya nini, la sivyo atasema umemsafirishia sabuni ya mche kutoka Ulaya.

Watoto wape sarafu za euro. Upande mmoja hufanana kote, upande wa pili kila nchi ina wake: bundi kwenye euro 1 ya Ugiriki, Mozart kwenye ya Austria, kinubi kwenye ya Ireland, yule mtu wa Leonardo mwenye mikono mingi kwenye ya Italia. Zawadi hii hununui. Unaikusanya kwenye chenji za kahawa.

Na ukiwa Ujerumani au Austria kati ya mwisho wa Novemba na Krismasi, kwenye masoko ya Krismasi kinywaji cha moto huja katika kikombe kilichochorwa mji ule, mara nyingi na mwaka. Unalipa amana ya euro chache, Pfand, unayorudishiwa ukirudisha kikombe. Wengi wakikipenda hawakirudishi, wanaiacha amana. Asiyetumia pombe aagize Kinderpunsch.

Hatua ya 6: Vitu vyenye jina kubwa

Vitu hivi ndivyo vinavyoigwa kuliko vyote, kwa hiyo tumia macho.

Vyombo vya buluu vya Delft vya bei rahisi vimechapwa kwa mashine. Vya mkono utavitambua ukitazama mstari wa buluu kwa karibu: una sehemu nzito na nyepesi, kama brashi ilivyokandamizwa na kuinuliwa, na hakuna maua mawili yanayofanana kabisa. Kiwanda cha De Porceleyne Fles, kilichoanzishwa mwaka 1653, huweka chini alama ya chupa, jina Delft, na herufi za aliyechora. Kigae kimoja kidogo kinatosha.

Kioo cha Murano, kisiwa cha Venice, kina nembo yake ya eneo, Vetro Artistico Murano, na muuzaji wa kweli hukuonyesha bila kukunja uso. Mafundi walihamishiwa kisiwani humo mwaka 1291. Pete na vidani vilivyojaa Venice kwa bei ya pipi havikuwahi hata kufika Murano.

Vigae vya zamani vya Lisbon vinavyouzwa kimojakimoja sokoni, mimi naviacha hapo vilipo, nawe uviache. Vingi vimebanduliwa usiku kutoka kwenye kuta za nyumba za watu. Nunua kipya kutoka karakana inayokupa risiti.

Mikoba ya majina makubwa inayotandikwa barabarani Roma au Venice usiiguse. Italia humtoza faini hata mnunuzi, na inaweza kufika euro 7,000.

Hatua ya 7: Kodi ya kurudishiwa

Mgeni asiyeishi Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwa vitu vipya vya dukani. Kiwango cha chini hutofautiana: Ujerumani ni zaidi ya euro 50 kwenye duka moja, Italia zaidi ya 70, Ufaransa zaidi ya 100, Hispania hakuna kiwango cha chini. Mwambie muuzaji kabla ya kulipa, uwe na pasipoti, upewe fomu. Uwanja wa ndege, fika mapema na uithibitishe fomu kwa forodha kabla begi kubwa halijachukuliwa, maana wanaweza kutaka kuviona vitu. Kama unapitia Istanbul, Doha au Addis Ababa, mahali pa mwisho pa Umoja ni pale unapopandia ndege ya kwanza. Ukiishi huko kwa kibali cha masomo au kazi, hii haikuhusu. Uingereza iliondoa utaratibu huu mwaka 2021. Na kwa mzee wa sokoni, sahau.

Kwa zawadi ndogondogo, sema kweli, foleni hiyo haina faida.

Hatua ya 8: Usichobeba

Pembe za ndovu, hata kipini kidogo cha kisu au kifungo cha bibi wa mtu cha mwaka 1900. Ulaya yenyewe imebana biashara hiyo, na kuingia nayo Nairobi au Dar es Salaam ni kujitafutia kesi. Magamba ya kasa vilevile. Vinyago na "vitu vya ibada" vya Kongo vinavyouzwa Brussels navyo viache: ama vimetengenezwa mwaka jana, ama viliondoka kwao kwa namna ambayo hungependa kuirithi.

Vitunguu vya tulipu vya Amsterdam vinahitaji cheti cha afya ya mimea, na hata ukikipata, tulipu inataka wiki nyingi za baridi kali ndipo itoe ua. Labda uwe unaishi Limuru au Njombe na una friji ya ziada.

Kisu chochote, hata kile kidogo cha kukunja cha Kiswisi, kiende begi kubwa. Jamu, asali na marashi pia, maana huhesabiwa vimiminika na kikomo cha begi la mkononi katika viwanja vingi ni mililita 100.

Hatua ya 9: Kufunga na kufika

Vyombo vifungwe kwenye soksi na khanga, viwekwe katikati ya begi, visiguse ukuta wowote. Ndani ya kikombe jaza nguo ndogo. Kadi za posta ziwe katikati ya kitabu kigumu, sarafu kila moja na bahasha yake. Sarafu nyingi begi la mkononi zitakusimamisha kwenye mashine, ziweke zionekane. Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza begi. Ni nafuu kuliko kilo mbili za ziada kaunta.

Kisha toa mifuko yote ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na Rwanda ilizitangulia zote mbili. Mfuko wa duka la uwanja wa ndege nao umo. Hamishia vitu kwenye mfuko wa nguo kabla hujashuka, uwe na risiti za vile vya bei kubwa mkononi, na ukiulizwa na ofisa wa forodha, taja ulichonacho jinsi kilivyo. Sarafu ya 1890 ukiiita "kipande cha chuma" itachukua muda mrefu kueleza kuliko ukisema ni sarafu ya zamani uliyonunua Berlin kwa euro kadhaa.